Ndoo moja juani: mwongozo kamili wa kuwania tuzo za wabunifu majengo chipukizi ukiwa Dodoma

Mara ya kwanza kuwania tuzo nilichelewa kwa saa mbili, na kosa lilikuwa la kalamu yangu mwenyewe. Tangazo lilisema mwisho wa kupokea kazi ni 12:00 mchana, saa za London. Nikaandika kwenye daftari "mwisho saa 12", nikalifunga. Wiki tatu baadaye nikalisoma daftari lilelile, na Mswahili akiona saa 12 anaona jua linazama. Basi nikakaa naongeza vivuli kwenye mchoro hadi saa 11 jioni. Nilipofungua tovuti nikakuta mlango umefungwa tangu saa 9 alasiri. Ilikuwa Januari, tena umeme siku hiyo haukukatika hata mara moja, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa ubunifu majengo, mhitimu anayechora ramani za nyumba za watu Nkuhungu na Ilazo huku akisubiri usajili, na mbunifu kijana mwenye jengo moja au mawili tayari. Nimeupanga kwa mfuatano ninaoufuata mwenyewe. Hatua nyingine ni za dakika kumi na nyingine ni za miezi.

Hatua ya kwanza: jua wewe ni nani kwenye karatasi

Kabla ya kuchora chochote, andika mambo manne: tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka uliomaliza chuo, hali yako ya usajili, na nchi unayoishi. Tuzo nyingi za chipukizi hukata watu kwa mojawapo ya hayo, na hukata bila huruma. Uliza pia umri unahesabiwa hadi siku gani. Kuna wanaohesabu hadi siku ya mwisho ya kupokea kazi na kuna wanaohesabu hadi mwisho wa mwaka. Kama mko kikundi, uliza kama sharti la umri ni la kila mmoja au linatosha kwa kiongozi.

Kuhusu usajili, kuwa mkweli. Kwa Sheria Na. 4 ya 2010, jina la mbunifu majengo linasimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Kama bodi haijakusajili, jitambulishe kama mhitimu wa ubunifu majengo. Majaji wa nje hawatakudharau kwa hilo, lakini ukipata tuzo jina lako litasambaa, na hutaki bodi ikutane nalo kwa mara ya kwanza likiwa na cheo ambacho haijakupa.

Hatua ya pili: chagua mlango unaofunguka

Tuzo za aina hii ziko za namna tatu, na watu wengi huzichanganya.

Namna ya kwanza ni za kazi za chuo, na nyingi kati ya hizo huwezi kujipeleka mwenyewe. Medali za Rais za RIBA, taasisi ya wabunifu majengo ya Uingereza, zimekuwapo tangu 1836. Kuna ya shaba kwa ngazi ya kwanza, ya fedha kwa ngazi ya juu, na nyingine ya tasnifu, na chuo ndicho kinachopendekeza majina. Archiprix International, yenye asili ya Uholanzi, hufanyika kila baada ya miaka miwili, na kila chuo huchagua mradi mmoja wa kuhitimu. Maana yake kwa aliyeko Chuo Kikuu Ardhi au Mbeya ni kwamba mtu wa kwanza kumshawishi ni mwalimu wake. Nenda ofisini kwake mapema, ukiwa na kazi iliyochapishwa, umwambie: "Mwalimu, naomba uufikirie mradi huu." Walimu wana mambo mengi, na mara nyingi jina haliendi kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Namna ya pili ni mashindano ya mawazo. Unapewa mada, unachora, hakuna anayedai jengo lililosimama. Kaira Looro, kwa mfano, huhusu majengo ya kijamii huko Senegal na hutoza ada ya ushiriki. Tuzo za Holcim, zilizoanza miaka ya mwanzo ya 2000, zimejikita kwenye ujenzi endelevu, na katika mizunguko iliyopita zilikuwa na kundi la vijana wasiozidi miaka 30. Makundi hubadilika kati ya mzunguko na mzunguko, kwa hiyo soma tangazo la mwaka husika, usitegemee alichokusimulia rafiki.

Namna ya tatu ni za kazi zilizojengwa. Tuzo ya wabunifu chipukizi ya jarida la The Architectural Review ilianza 1999 na kikomo chake cha umri kimekuwa miaka 45. Usishangae, katika fani hii mtu wa miaka 44 bado ni kijana. Tuzo ya Aga Khan, iliyoanzishwa 1977 na yenye zawadi ya dola milioni 1, haina kikomo cha umri wala huiombi mwenyewe. Inakuja kila baada ya miaka mitatu, na majengo hupendekezwa kimyakimya. Naitaja kwa sababu moja. Mwaka 2004 mojawapo ya kazi zilizoshinda ilikuwa shule ya msingi ya kijiji cha Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001. Aliyeichora, Francis Kéré, wakati huo alikuwa bado mwanafunzi Berlin. Ni ya tofali za udongo, na bati lake limeinuliwa juu ya dari ili hewa ya moto ipite. Mwaka 2022 akapata Pritzker, tuzo kubwa kuliko zote katika fani hii, Mwafrika wa kwanza.

Kisha kuna milango ya kuiacha. League Prize ya New York, iliyoanza 1981, ina jina kubwa na vijana wetu huitamani, lakini ni ya wakazi wa Amerika Kaskazini. Nimemwona mtu akichora miezi miwili kabla ya kufika kwenye sentensi hiyo.

Hatua ya tatu: fuata pesa inakoelekea

Ukipata barua pepe inayosema "hongera, kazi yako imependekezwa" na wewe hujapeleka popote, tulia. Kuna tuzo ambazo biashara yake ni washindi wenyewe: ada ya kuingia, ada ya kukubali ushindi, ada ya kombe, ada ya ukurasa kwenye kitabu, meza ya chakula cha jioni. Kipimo changu ni rahisi. Natafuta majina ya majaji na kuangalia kama ni watu wanaojenga. Nahesabu washindi, na wakizidi mia kwa mwaka mmoja nafunga ukurasa. Kisha nauliza mshindi analipa nini baada ya kushinda. Jibu sahihi ni hakuna.

Ada ya ushiriki peke yake si kosa, mashindano mengi halali hutoza, na kulipa mapema huwa nafuu. Huhitaji akaunti ya dola. Kadi ya mtandaoni unayotengeneza ndani ya pesa za simu hukubalika sehemu nyingi, ila ijaribu wiki moja kabla kwa malipo madogo. Kadi kukataliwa usiku wa mwisho ni jambo la kawaida kabisa.

Hatua ya nne: tafuta tatizo unaloweza kulifikia kwa daladala

Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi.

Vijana wa Dodoma tunapenda kuchora vitu vikubwa. Tumezungukwa navyo: mji ulitangazwa makao makuu 1973, ukachorewa mpango mkuu na kampuni ya Toronto 1976, na leo kuna Mji wa Serikali pale Mtumba. Ukikaa mezani, mkono unataka kuchora ukumbi wa watu elfu tano. Tatizo ni kwamba jaji aliyeko mbali ameona kumbi elfu moja za namna hiyo, na wewe hujui lolote kuhusu ukumbi huo ambalo yeye halijui.

Nikupe mfano wa kazi yangu mwenyewe. Barabara ya Iringa, ukishapita Bihawana kuelekea Mpunguzi, msimu wa zabibu utakuta akina mama wamepanga ndoo kando ya lami. Nilitaka kuchora banda la kivuli. Nilikuwa na mchoro tayari: paa la chini, nguzo sita, benchi. Nikaenda nao Agosti, nikamkuta mama mmoja upande wa mashariki wa barabara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndoo au nusu?"

Nikamwonyesha mchoro. Akautazama, akaugeuza, akanirudishia. "Kivuli chako kizuri. Sasa abiria wa basi ataziona wapi zabibu zangu?"

Nikatazama alivyojipanga. Ndoo moja ilikuwa juani, karibu kabisa na lami, juu ya tofali mbili. Nyingine tano zilikuwa nyuma chini ya mti, zimefunikwa kanga mbichi. Ndoo ya mbele ilikuwa ya macho. Zabibu zake zikianza kusinyaa anaipeleka nyuma na kuleta nyingine. Mama yule alikuwa amekwisha kubuni banda, alichokosa ni paa.

Mradi ukabadilika kuwa vitu viwili: kidirisha chembamba, kirefu, kwenye usawa wa macho ya aliyekaa ndani ya basi, na nyuma yake kivuli kizito cha chini. Hata sentensi ya kwanza ya maelezo ilipatikana pale, sikuitunga. Kwa hiyo nenda mahali pako zaidi ya mara moja, kwa nyakati tofauti. Beba futi ya chuma, daftari na maji. Pima vitu vidogo: urefu wa ndoo, usawa wa kioo cha basi, hatua kutoka lami hadi mtini. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na mnunulie mtu bidhaa yake, umemkalisha.

Na usipite nyumba za wazee bila kuzisoma. Tembe ya Kigogo, yenye paa bapa la udongo juu ya nguzo na fito, vyumba vikizunguka ua wa mifugo, ni jibu la mahali penye mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, tena msimu mmoja tu kuanzia Desemba hadi Aprili. Paa lilelile huanikiwa nafaka. Lakini kama utaweka tembe kwenye bango, yaani karatasi ya michoro unayompelekea jaji, kama pambo, afadhali uiache. Majaji wa Afrika wamechoka na mapambo.

Hatua ya tano: pima jua lako

Kosa linalowaaibisha wengi ni kuchora jua la vitabu vya Ulaya, likiwaka kutoka kusini mwaka mzima. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Hapa jua la mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Katikati ya miezi hiyo, Juni, liko upande wa kaskazini. Desemba linahamia kusini, ila kwa mwinamo mdogo zaidi. Kwa hiyo kinga ndogo ya paa inatosha kaskazini na kusini, na adui wako halisi ni jua la chini la asubuhi na la alasiri, mashariki na magharibi.

Jambo jingine dogo: jua la utosi hapa halifiki saa 6 kamili. Saa zetu zinahesabiwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Dodoma iko karibu na nyuzi 36. Jua linafika juu kabisa kati ya saa 6:20 na 6:50 mchana, kutegemea mwezi. Ukiingiza mahali na saa sahihi kwenye programu yako ya kuchorea, vivuli vitajipanga vyenyewe. Ukiacha ilivyokuja kutoka kiwandani, unachora banda la Mpunguzi kwa jua la mji wa Marekani.

Usiamini programu peke yake. Simika fimbo ya mita 1, weka alama ya ncha ya kivuli kila saa, pima. Pale barabarani mwezi Septemba, saa 10 alasiri, kivuli cha fimbo kilikuwa kimeshaipita fimbo yenyewe kwa urefu. Kwa mama aliyeutazama upande wa magharibi, jua hilo linaingia chini ya paa lolote lililoinuliwa upande wa barabara. Ndiyo maana kidirisha changu kilikuwa chembamba. Picha ya fimbo ile na alama zake za chaki niliiweka kwenye bango, ndogo, pembeni. Ninaamini ilifanya kazi kuliko picha zote za kompyuta.

Hatua ya sita: bango

Jaji hulitazama bango lako kwa muda mfupi sana katika mzunguko wa kwanza. Mchoro mmoja ndio unaobeba, na kwa majengo ya hali ya hewa kama yetu mchoro huo huwa mkato, jengo likionekana kana kwamba limepasuliwa wima: ardhi, mtu, kivuli, upepo wa mashariki, paa, vyote kwa wakati mmoja. Upe nusu ya nafasi. Plani iwe ndogo na safi. Picha ya kompyuta moja au mbili, na watu ndani yake wawe watu wa hapa. Mara ngapi tumeona banda la Chamwino lina mzungu mwenye baiskeli na mbwa? Piga picha za jamaa zako wakiwa wamesimama, wamekaa, wamebeba mzigo, uwakate mwenyewe. Jioni moja inatosha.

Chapisha kwenye A3 steshenari, bandika ukutani, rudi nyuma hatua tatu. Usichoweza kusoma, jaji naye hasomi.

Nchini kwetu kuna somo la bure kuhusu kuweka wazo moja mbele. Kumbuka soko la Kariakoo la Beda Amuli, aliyezaliwa 1938 na kulikamilisha katikati ya miaka ya 1970 akiwa hajafika 40. Mtu akiambiwa achore soko lile kwa mistari mitano, atachora miavuli ya zege. Jiulize wa kwako akichorewa mistari mitano itakuwa ipi.

Hatua ya saba: maelezo

Andika kwa Kiswahili kwanza. Msimulie shangazi yako mradi huu ni nini, wa nani, kwa nini uko hapo, umetengenezwa kwa nini na nani ataujenga. Ukishapata maneno 200 yanayoeleweka, ndipo uyapeleke kwenye Kiingereza au Kifaransa, sentensi fupifupi. Ukianza moja kwa moja kwa Kiingereza cha chuo, utajikuta umejaza maneno makubwa ambayo hata wewe huyaamini. Taja gharama kwa vifaa halisi: mabati mangapi, mirunda mingapi, fundi siku ngapi. Hapo ndipo mtu aliyejenga anapojitofautisha na anayeota.

Hatua ya nane: majina na haki

Kikundi kikubaliane kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp, nani ni nani na zawadi inagawanywaje. Fanyeni hivyo kabla ya kushinda. Soma kipengele cha haki: mwandaaji kutumia picha zako kwa maonyesho ni sawa, mwandaaji kumiliki mchoro wako wote, hata usiposhinda, si sawa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi za ubunifu wa majengo, lakini sahihi yako kwenye masharti inaweza kukuondolea kinga hiyo. Kama ulichora ukiwa umeajiriwa, muulize bosi kwanza.

Hatua ya tisa: kupakia

Mashindano mengi hutaka kazi isiyo na jina. Kufuta jina kwenye bango hakutoshi, kwa sababu faili la PDF hubeba jina la kompyuta yako kwenye taarifa zake za ndani. Fungua taarifa hizo, futa. Angalia na jina la faili lenyewe. Zingatia uzito uliowekwa: wakisema megabaiti 10, lenga 8.

Kuhusu saa, andika kila tarehe kwa namna mbili, ya kwao na ya kwetu, ukitaja asubuhi, mchana, jioni au usiku. Saa sita usiku ya London ni saa 9 usiku hapa wakati wao wa baridi, na saa 8 usiku wanapokuwa wamesogeza saa zao mbele. Mimi sasa najiwekea mwisho wangu siku mbili kabla, saa 4 asubuhi, LUKU ikiwa na uniti na bando likiwa jipya. Ukishapakia, subiri ujumbe wa kuthibitisha, upige picha ya skrini, na utunze namba ya kazi.

Baada ya hapo

Kabla hujapakia, au hata baada, rudisha nakala kwa uliyemchorea. Nilimpelekea mama wa Mpunguzi A3 yangu. Hakusema kitu kuhusu paa. Aliweka kidole kwenye ndoo nilizozichora zimepangwa juu ya ubao mwembamba: "Lori likipita hizi zinaanguka." Nikaongeza kingo ya sentimita 10. Banda lile liliingia kwenye orodha fupi, halikushinda, na mchoro wa kingo ndio swali la kwanza niliulizwa kwenye usaili wa kazi niliyonayo sasa.

Tunza mafaili yote ya awali, picha za fimbo na vipimo vya futi. Kazi iliyoshindwa mahali pamoja inaweza kwenda kwingine masharti yakiruhusu, hasa zile zinazopokea mradi wowote na si mada maalumu. Na pigia hesabu umri wako kwa mizunguko, si kwa miaka. Tuzo yenye kikomo cha miaka 30 inayokuja kila baada ya miaka mitatu, ukiwa na 28 leo, umebakiza nafasi moja, na huenda dirisha lake linafungwa mwezi ujao saa 9 alasiri.